Siku Dodoma Ilipobadili Bendera

Nimewahi kusoma kumbukumbu za watu wa miji midogo ya Ujerumani walioshuhudia mwisho wa vita mwaka 1945. Zinafanana sana. Mizinga inasikika kwa mbali siku mbili tatu, wakubwa wa chama cha Hitler wanatoweka usiku, shuka nyeupe zinatundikwa madirishani, kisha asubuhi magari ya Wamarekani yanaingia polepole katika barabara kuu, na watoto wanasimama kando kuwatazama wageni. Wengine wanaiita siku ile ukombozi, wengine kushindwa. Wajerumani wenyewe walibishana juu ya neno hilo kwa miaka mingi. Ilipofika tarehe 8 Mei 1985, Rais wao Richard von Weizsäcker alisimama bungeni na kusema waziwazi kwamba ile ilikuwa siku ya ukombozi, na hata hapo wapo waliokasirika.

Kila nisomapo habari hizo hunijia wazo kwamba Dodoma nayo iliwahi kuwa mji mdogo wa Wajerumani, na kwamba nayo ina siku yake. Siku hiyo ni Jumamosi, tarehe 29 Julai 1916. Majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali Jacob van Deventer, yakipigana upande wa Mwingereza, yaliingia mjini yakitokea Kondoa, na utawala wa Mjerumani hapa ukakoma. Mimi nimezaliwa Ugogo na nimekulia Ugogo, na sijapata kumsikia mzee yeyote akiisimulia siku hiyo kama siku ya furaha, wala kama siku ya huzuni. Kwa kweli sijapata kumsikia akiisimulia kabisa. Jambo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu kabla sijaanza kulielewa.

Tuanze na mji wenyewe. Wakati ule Dodoma ilikuwa changa mno. Kabla ya reli, mahali palipojulikana katika nchi hii ya kati ni Mpwapwa na Kilimatinde, kwa sababu ndipo ilipopita njia ya misafara ya pwani kwenda Tabora na Ujiji. Watemi wa Kigogo walitoza misafara hiyo hongo kwa ajili ya maji na chakula. (Neno hongo, ambalo leo linaweza kumpeleka mtu mahakamani, enzi hizo lilikuwa ushuru halali kabisa, na kila mfanyabiashara aliufahamu.) Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Treni ilipopita, misafara ikafa, na penye stesheni pakawa mji. Jina wanasema limetokana na neno la Kigogo idodomya, mahali palipodidimia, kwa tembo aliyezama matopeni alipokwenda kunywa maji. Ziko na hadithi nyingine, lakini hiyo ndiyo iliyoshinda.

Basi Mjerumani alikuwa na boma lake, stesheni yake, askari wake, maduka ya Wahindi na Waarabu yakianza kujipanga, na pande zote za mji, matembe ya Wagogo na ng'ombe wao. Palikuwa na kodi ya kibanda na palikuwa na kiboko. Adhabu ya hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, ilikumbukwa na wazee wetu hata waliposahau majina ya mabwana shauri waliowachapa. Sina nia ya kuwasafisha watawala hao.

Vita ilipozuka Agosti 1914, mwanzoni ilikuwa mbali na sisi. Waingereza walishindwa vibaya Tanga mwezi Novemba mwaka huo, na kwa zaidi ya mwaka mzima mapigano makubwa yalibaki mipakani. Mambo yalibadilika Februari 1916 aliposhika uongozi Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini. Alimtuma van Deventer na wapanda farasi kutoka upande wa Arusha wateremke haraka kuelekea kusini, ili waikate reli ya kati. Mwezi Aprili, katikati ya masika, wakaikamata Kondoa Irangi. Hapo mvua ikawafunga. Farasi walikufa kwa maradhi kwa wingi wa kutisha, magari yakakwama nyuma, na askari wakabaki huko milimani bila chakula cha kutosha.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaona nafasi. Alihamisha askari wake kutoka kaskazini, akawapakia katika treni ya reli ya kati mpaka Dodoma, na kutoka Dodoma wakapanda kwa miguu hadi Kondoa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei 1916 walishambulia na kushindwa. Baada ya hapo majeshi mawili yalikaa yakitazamana mpaka mwishoni mwa Juni, Lettow-Vorbeck alipoondoka na sehemu kubwa ya askari wake kwenda mashariki kumkabili Smuts.

Vitabu vya vita husimulia kipindi hicho kwa maneno ya mizinga na mahandaki. Mimi nataka msomaji apige hesabu nyingine. Karibu askari 4,000 wa Mjerumani, na wapagazi wao ambao siku zote walikuwa wengi kuliko askari, wanakaa karibu miezi miwili mwisho wa njia ya zaidi ya kilometa 150 kutoka stesheni ya Dodoma. Kila kibaba cha unga kinabebwa kichwani. Nani anabeba? Unga unatoka katika vihenge vya nani? Nyama ni ng'ombe wa nani? Na kule mbele Waafrika Kusini nao wana njaa, nao wanakula kutoka kwa Warangi na majirani zao. Watu hupenda kusema kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo imechakaa, na zaidi ya hapo inasahau jambo moja: tembo hula hizo nyasi.

Mvua zilipokwisha van Deventer akateremka. Nchi kati ya Kondoa na Dodoma mwezi Julai ni kavu, na mapambano yaliyotokea njiani yalikuwa ya kugombania maji, kutoka kisima hadi kisima. Mjini hapakuwa na vita vya kusimulia. Wajerumani walirudi nyuma kufuata reli kuelekea mashariki, wakibomoa madaraja walipopita. Tarehe 12 Agosti Mpwapwa ikaanguka, tarehe 22 Kilosa, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam yenyewe. Kwa kuwa injini za treni hazikuwapo, hao wageni walifunga magurudumu ya reli kwenye malori yao ya petroli na kuyaendesha juu ya njia ya Mjerumani. Nadhani hilo lilikuwa jambo la ajabu zaidi machoni pa watu kuliko bendera mpya.

Halafu kuna kichekesho kimoja kichungu ambacho hatufundishwi. Huyu van Deventer alikuwa Kaburu. Katika vita vya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902 alipigana dhidi ya Waingereza, na jeraha la kooni alilopata wakati huo lilimwachia sauti ya kukwaruza. Smuts naye alikuwa jenerali wa Makaburu. Yaani waliokuja kututoa mikononi mwa Mjerumani walikuwa watu ambao Mwingereza aliwanyang'anya nchi yao miaka kumi na minne kabla, nao wakishirikiana naye kumnyima Mwafrika haki katika nchi hiyohiyo. Sheria ya Ardhi iliyomfungia Mwafrika wa kule asinunue ardhi nje ya maeneo yaliyotengwa ilipitishwa mwaka 1913, miaka mitatu tu kabla ya askari wao kufika hapa. Mtu wa namna hiyo akikwambia amekuja kukukomboa, ni haki yako kumtazama mikono.

Lakini nisiwe na upande mmoja. Wapo ambao kwao mwaka 1916 ulikuwa ukombozi wa kweli, na ni watu wa huku huku. Misheni ya Kianglikana ya CMS ilikuwa Ugogo tangu miaka ya 1870, ikiwa na vituo Mpwapwa, Mvumi, Kongwa na kwingineko. Kwa kuwa wamisionari wake walikuwa raia wa nchi adui, Wajerumani waliwaweka kizuizini, wengine kule Kiboriani juu ya Mpwapwa na mwishowe Tabora. Wazungu hao waliteseka, lakini walimu wao Waafrika waliteseka zaidi. Walishukiwa kuwa wapelelezi wanaompa Mwingereza ishara kutoka vilimani, wakakamatwa, wakafungwa minyororo na kufanyishwa kazi ngumu. Mlango wao ulifunguliwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliyoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mwalimu wa Kigogo aliyetoka kifungoni siku ile na kurudi nyumbani kwa miguu hakuwa na haja ya kufikiri mara mbili juu ya maana ya neno. Kwake Wabelgiji walikuwa wakombozi, hata kama hao Wabelgiji katika Kongo yao walikuwa na mambo yao.

Kwa wengine wote, mkondo ulikuwa mwingine. Vita haikwisha na kuanguka kwa Dodoma, ilihamia kusini tu. Dodoma ikawa sasa ghala la Mwingereza. Kutoka hapa ilitoka njia ya kupeleka chakula na risasi Iringa, kuvuka mto Ruaha, na mvua kubwa za mwanzoni mwa 1917 zilipoufurisha mto huo, mizigo ilizidi kuhitaji migongo ya watu. Wanaume walikusanywa vijijini kama walivyokusanywa na Mjerumani mwaka uliotangulia. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo, na leo mtu anakwenda Kariakoo kununua vitambaa asijue anatembea juu ya kambi ya watu waliobeba mizigo mpaka wakafa. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, uchovu na njaa, hawapungui makumi ya maelfu, na wengi hawana kaburi lenye jina.

Hapa ndipo inapobidi nieleze jinsi Mgogo anavyoishi na nchi yake, maana asiyejua hilo ataona njaa iliyofuata kuwa ni bahati mbaya ya mvua tu. Mvua zetu ni chache, zinaanza Desemba na kwisha Aprili, na kila miaka michache zinakataa. Wazee walilijua hilo na walijiwekea kinga mbili. Ya kwanza ni uwele na mtama katika vihenge, akiba ya zaidi ya mwaka mmoja mavuno yakiwa mazuri. Ya pili ni ng'ombe. Ukipata ng'ombe wengi huwaweki zizini kwako wote, unawagawa kwa marafiki na wakwe walio mbali ili ukame au maradhi yasikumalize kwa mara moja. Njaa ikija unaswaga ng'ombe wako mpaka kwa jirani aliyevuna, unarudi na nafaka. Ng'ombe ndiye benki. Mpaka mwaka 1917 majeshi mawili, moja baada ya jingine, yalikuwa yamekomba vihenge na kuchukua ng'ombe kwa maelfu, na wanaume waliopaswa kuwa shambani kwenye palizi walikuwa njiani na mizigo vichwani. Kinga zote mbili zilikwisha kabla ya mvua kukataa. Mvua zilipokataa, hapakuwa na kitu.

Njaa hiyo iliitwa Mtunya, yaani kugombania, kunyang'anyana. Ilidumu toka 1917 hadi 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza kwa makini, anakadiria kwamba katika Wagogo wapatao 150,000 walikufa watu 30,000. Ni mtu mmoja katika kila watano. Mwishoni mwa 1918 likapita na lile homa la mafua lililoua watu dunia nzima, likawakuta watu hawa wakiwa mifupa. Von Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha zake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza. Wagogo hawakuwa na habari naye. Wao walikuwa katikati ya Mtunya.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa binti wa miaka kumi na kitu wakati huo, upande wa Mvumi. Alipokuwa hai nilikuwa kijana mwenye kupenda vitabu, na nilimwuliza maswali ya kivitabu.

“Bibi, Waingereza walipoingia mlifanya nini?”

“Tulificha ng'ombe.”

“Na Wajerumani walipokuwa wanaondoka?”

“Tulificha ng'ombe.”

Nilidhani hakunielewa. Leo naona alinijibu kwa ukamilifu kuliko kitabu chochote nilichosoma. Miaka yake hakuihesabu kwa watawala, aliihesabu kwa njaa, kama walivyofanya watu wote wa rika lake. Kila njaa ina jina Ugogo, na mtu alijua umri wa mwanawe kwa jina hilo. Mwaka wa Mtunya ulikuwa mlima mkubwa uliosimama katikati ya maisha yao, na nyuma yake hiyo Jumamosi ya Julai haikuonekana.

Sasa turudi kwenye neno. Kukomboa, katika Kiswahili cha kawaida, si kuingia mjini na farasi. Ni kutoa mali ili upate tena kilichowekwa rehani. Mtu hukomboa shamba, hukomboa pete, na zamani alikomboa ndugu aliyekamatwa. Lazima pawe na aliyelipa. Sisi tulilichukua neno hilo katika miaka ya 1960 na 1970, tulipokuwa na Kamati ya Ukombozi pale Dar es Salaam na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini wakiwa wageni wetu, nasi tukalipa kweli. Kwa maana hiyo lilitufaa vizuri. Kwa mwaka 1916 halitufai, kwa sababu mkombozi hakulipa kitu. Aliyelipa ni yule yule aliyekuwa rehani, na baada ya kulipa akabaki rehani kwa mtu mwingine mpaka tarehe 9 Desemba 1961. Mjerumani wa mwaka 1945 alipewa baada ya miaka michache serikali aliyoichagua, walau yule wa upande wa magharibi. Sisi tulipewa bwana shauri mpya na kodi ya kibanda ileile.

Tarehe 25 Julai 2016, siku nne kabla ya kutimia miaka 100, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa hapa Dodoma. Rais John Magufuli aliahidi siku zile kwamba serikali yote sasa itahamia makao makuu, jambo lililoamuliwa tangu 1973, na kweli ikahamia. Mji ulijaa watu na magari. Tarehe 29 ilipita kimya. Sikusikitika. Ningependa tu pawepo mahali fulani katika mji huu mkubwa, hata jiwe dogo karibu na stesheni, penye neno Mtunya.

Katika familia yetu ukombozi wa miaka hiyo ulikuwa mmoja, nao nimeusikia mara nyingi. Baba yake bibi alichukuliwa kubeba mizigo ya kwenda Iringa, hakurudi. Njaa ilipokaza, mama yao aliwachukua watoto akatembea kuelekea mashariki, kwenye milima ya Usagara, kulikokuwa na watu bado wana chakula. Huko alimwacha mdogo wake bibi, msichana wa miaka sita hivi, kwa watu wa nyumba moja, akapewa vikapu viwili vya mtama. Makubaliano yalikuwa kwamba atarudiwa. Mtama ule ndio uliomfikisha bibi yangu kwenye mvua zilizofuata.

Njaa ilipopita, mjomba wao alikumbuka ng'ombe mmoja aliyekuwa amewekwa kwa rafiki upande wa Kilimatinde kabla ya vita. Alikwenda, akamkuta amezaa. Akachukua mtamba, akamswaga siku nyingi mpaka Usagara. Wale watu walimpokea vizuri, wakampa maji na chakula, kisha wakasema mtamba mmoja hautoshi, kwa maana mtoto amelishwa na kuvishwa miaka mitatu. Walikuwa na haki. Walijadiliana usiku kucha, wakakubaliana mtamba mmoja sasa na mwingine baadaye. Asubuhi msichana aliitwa. Kigogo alikuwa amekisahau, na mjomba hakumjua. Alilia njia nzima mpaka Kongwa akimwita mama mwingine kwa lugha ya Kisagara.

Mtamba wa pili alipelekwa miaka miwili baadaye, na safari hiyo msichana mwenyewe alifuatana na mjomba kwenda kuwasalimu.